Msimlaumu Dogo, Pimeni Gitaa Kwanza

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za gazeti zimenibana, na mhariri wangu ni mtu asiyelala. Leo nilipanga kuandika jambo jingine kabisa. Lakini Jumapili iliyopita hapa mtaani kwetu Sokon I kimetokea kitu kilichonikera mpaka nikaacha chakula cha mchana mezani, na wanaonijua wanajua kwamba mimi chakula huwa sikiachi.

Ni habari ya gitaa. Gitaa la umeme. Wewe usiyepiga gitaa usikimbie, kwa sababu kuna hela za watu humu ndani, na kuna mtoto wa watu.

Kuna dogo mmoja jirani yetu, yuko kidato cha pili, anaimba kwaya ya vijana kwenye usharika mmoja wa hapa mtaani. Simtaji jina na usharika siutaji, maana kisa hiki kingeweza kutokea kanisa lolote na bendi yoyote ninayoijua mjini hapa. Kwaya ilichanga fedha, wakanunua gitaa jipya, dogo akapewa ajifunze. Mwezi mmoja na nusu baadaye ndiyo Jumapili hiyo ninayoisema. Kaja nyumbani na gitaa mgongoni.

"Kaka, naomba unisindikize nikalirudishe. Mimi nahamia kinanda."

Kwa nini? Akanyoosha mkono wa kushoto. Ncha za vidole vitatu zimechanika, kimoja kimefungwa plasta. Akaniambia mwalimu wa kwaya kasema hana sikio, kila akipiga sauti inatoka pembeni. Na katibu kasema mbele ya watu wote kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, wanataka vya mteremko.

Nikalitoa lile gitaa kwenye mfuko. Zuri! Linang'aa kama gari la harusi. Nikabana kodi ya F (kodi za muziki jamani, si zile za TRA). Mkono wangu, ambao umepiga gitaa tangu mwaka wa kwanza chuo kikuu, ukagoma. Nyuzi zile zilikuwa juu kama kamba za kuanikia nguo.

Nikakusanya kadi za benki za nyumba nzima. Yangu, ya dada, ya mama, ya shemeji. Msicheke. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ni kipimo cha kimataifa, kwa hiyo kila mtu mwenye akaunti anatembea na rula mfukoni bila kujua. Unahesabu mpaka freti ya 12, pale ambapo magitaa mengi huwekewa nukta mbili, unapachika kadi kati ya chuma cha freti na uzi mnene kabisa bila kuubana uzi. Kadi mbili zikipita kwa kugusa gusa, hapo una milimita moja na nusu, na gitaa hilo unaweza kupiga hata usiku kucha. Ya tatu ikiingia kwa kubanana, ni kama 2.3, bado unaweza kuishi nalo ukijitahidi. Kwenye gitaa la dogo zilipita tatu zikicheza, ya nne ndiyo iliyogusa uzi. Karibu milimita tatu!

Ili mjue sisemi kwa hisia zangu tu, Fender wenyewe kwenye maelekezo yao ya marekebisho wanataja milimita 1.6 hivi kwa shingo zao nyingi za kisasa. Gibson wamezoea karibu milimita 2 upande wa uzi mnene na 1.2 upande wa uzi mwembamba. Hao ndio wanaotengeneza. Sasa mtoto wa miaka kumi na tano anapewa gitaa lenye karibu mara mbili ya hapo, halafu anaitwa mvivu.

Na hili la kwamba hana sikio ndilo lililonitoa kabisa kwenye sahani. Fikiri kidogo. Uzi ukiwa juu, ili ufike kwenye freti lazima uusukume chini safari ndefu. Ukiusukuma unauvuta. Ukiuvuta unakaza. Ukikaza sauti inapanda. Yaani dogo anaweza kukaza nyuzi zake vizuri, kila uzi ukapigwa wazi ukawa sawasawa na kinanda, lakini akibana tu sauti zinapanda juu ya kinanda, tena kila uzi unapanda kwa kiasi chake! Mwalimu anasikia makelele, anamtazama mtoto. Halitazami gitaa. Mtoto mwenye sikio zima anarudi nyumbani akiamini ni kiziwi wa muziki. Hiyo ndiyo kesi yangu leo.

Gitaa lilinunuliwaje? Mimi ni ripota, kazi yangu ni kuuliza, nikauliza. Kamati ya watu wanne. Mmoja alikuwa anasafiri kwenda Dar kwa shughuli zake, akapewa laki nne na nusu, akaambiwa apitie Kariakoo. Akapiga picha magitaa matatu, akayarusha kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Watu wakapiga kura. Likashinda la bluu. Unajua kwa nini? Kwa sababu sare za kwaya ni za bluu.

Hakuna aliyelishika. Nasema hakuna! Aliyelinunua hapigi, muuzaji aliliwasha akapiga kelele kidogo kwenye spika, kila mtu akasema linalia vizuri. Likapanda basi kuja Arusha kama mzigo wa viatu.

Wasomaji wangu, gitaa la umeme huwezi kulinunua kwa macho. Na hapa najua nitagombana na wengi, lakini hata kwa masikio huwezi. Sauti ya gitaa la umeme nyingi inatengenezwa baadaye, kwenye amplifaya, kwenye vifaa vya miguuni, siku hizi hata kwenye simu. Sauti mbaya utaibadilisha mwakani ukipata hela. Lakini shingo ya gitaa ndiyo sehemu ambayo mkono wako utalala juu yake kila siku, na huwezi kuibadilisha labda uichonge kama kinu. Mtu anayenunua gitaa kwa kusikiliza spika ya dukani amenunua ile spika, na ile spika imebaki dukani.

Baada ya hapo nilikwenda kumwona mzee mmoja, fundi na mpigaji wa zamani, alipiga bendi za hapa Arusha na Moshi miaka ya 1980. Ni mzee ninayemheshimu sana. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akacheka. Akasema sisi tulipiga magitaa mabaya kuliko hayo na vidole vilitoka damu, ndiyo maana tulijua. Sugu ndiyo shahada yako, kijana. Mwache ateseke kidogo.

Mzee, nakuheshimu, lakini hapa nakukatalia mbele ya wasomaji wote.

Sugu ni kweli. Kila anayeanza ataumia wiki chache za mwanzo, hilo halikwepeki hata kwa gitaa la milioni kumi. Lakini sugu inatibu ngozi tu, uzi uliokaa vibaya haiusogezi hata kidogo. Ukiwa na sugu ngumu kama kwato, ukibana uzi ulio milimita tatu juu bado sauti inapanda. Tena wazee wetu hawakucheza vizuri kwa sababu ya magitaa mabaya, walicheza vizuri juu ya kuwa nayo. Tukumbuke magitaa yale yalikuwa ya nani. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Polisi walikuwa na yao, JKT nao na yao. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi, mwanamuziki akihama bendi anaondoka na mikono mitupu, gitaa linabaki. Alikuta gitaa limeshakuwepo, akalipiga. Hakuwa na nafasi ya kusema shingo hii hainifai. Kwa hiyo ule uvumilivu tunaousifu ulikuwa wa mtu asiye na chaguo. Sasa sisi tuna chaguo, tuna fedha zetu za mchango mkononi, tuko mbele ya duka lenye magitaa kumi, halafu tunachagua kuteseka ili tufanane na wazee? Huu ni ujinga, na nimetafuta neno la upole sikulipata.

Kuna jambo jingine ambalo linanishangaza zaidi. Muziki wetu sisi wa ukanda huu unapigwa wapi kwenye gitaa? Mzungu anayepiga nyimbo za kuotea moto anaweza kukaa freti tatu za mwanzo maisha yake yote. Sisi hapana. Sikiliza solo la dansi, sikiliza sebene la Kikongo, sikiliza benga la kule ziwani. Vidole viko juu kabisa, karibu na mwili wa gitaa, nyuzi mbili mbili kwa pamoja, tena kwa kasi. Na ni fizikia tu: uzi ulioinuliwa unazidi kwenda juu kadiri unavyosogea kuelekea darajani. Yaani gitaa lenye nyuzi juu linamwonea mpiga sebene kuliko mtu yeyote duniani. Kule kwenye freti ya 12 mpaka ya 17, ambako muziki wetu unaishi, ndiko kusikofikika.

Na tuko Arusha, jamani. Mji huu si mgeni na magitaa. Ndugu wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, walitoka Tanga wakaja hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaunda Arusha Jazz, kabla hawajavuka mpaka kwenda Nairobi ambako dunia iliwajua kama Simba Wanyika. Humo humo ndimo walimotoka baadaye Les Wanyika. Muziki ule ni magitaa matatu yanayosemezana, solo, rithimu na besi, laini kama maji ya mto. Tafuta rekodi yoyote uisikilize kwa makini, usikie jinsi mkono unavyoteleza. Halafu njoo uniambie kwamba mtoto wa Sokon I atafika hapo kwa gitaa la kamba za nguo.

Haya. Nimelalamika vya kutosha, sasa niseme mtu afanye nini akiwa dukani, maana kulalamika bila kusema la kufanya ni kazi ya wanasiasa.

Anza na shingo, nyuzi baadaye. Watu wengi hufanya kinyume, wakikuta nyuzi ziko juu wanaliacha gitaa zuri, wakikuta ziko chini wananunua baya. Urefu wa nyuzi unarekebishika. Pale darajani kuna skrubu ndogo ndogo, dakika kumi umemaliza. Umbo la shingo halirekebishiki. Kwa hiyo kaa chini, liweke gitaa pajani, funga macho kama unaomba. Ushike shingo pale freti ya kwanza, kisha pale ya tano, kisha ya 12. Kiganja chako kinasemaje? Kuna shingo nene za mviringo kama mpini wa jembe, kuna nyembamba bapa. Ibanez wamejulikana kwa nyembamba, Fender na Gibson za mtindo wa zamani mara nyingi zinajaa mkononi. Msidanganywe na hawa wanaosema nyembamba ndiyo ya kisasa, kwa hiyo ndiyo bora. Nina rafiki ni fundi ujenzi, kiganja kama koleo, alinunua gitaa la shingo nyembamba kwa sababu aliambiwa ni la haraka. Baada ya nyimbo mbili dole gumba linashikwa na mkakamao. Akaja akabadilishana na mtu mwenye shingo nene, sasa anapiga ibada nzima anatabasamu. Dogo wetu mwenye vidole vifupi atataka kinyume chake. Ndiyo maana nasema hakuna mtu anayeweza kukununulia gitaa, kama vile hakuna anayeweza kukupimia kiatu kwa mguu wake.

Ukiwa bado umelishika, pitisha kiganja pembeni mwa shingo kutoka kichwani mpaka mwilini, pande zote mbili. Ncha za freti zisikukwaruze. Hili wanunuzi wa Arusha mlishike sana. Gitaa limekaa miezi kwenye stoo ya Dar yenye unyevu wa bahari, ubao umenyonya maji na kuvimba. Unalileta huku juu, mita kama 1,400, kiangazi kikavu na vumbi la barabara zetu, ubao unasinyaa, vyuma vya freti havisinyai. Ncha zinachomoza kama miiba ya perege. Shingo nayo inajipinda. Gitaa lililokuwa sawa Kariakoo linaweza kufika hapa limebadilika, na hata ndani ya mwaka mmoja, masika na kiangazi, linaendelea kubadilika. Si uchawi na si lazima muuzaji awe tapeli. Ni mti ule, unapumua. (Kwa wasiojua, mbao nyingi nyeusi nyeusi za rosewood zinazowekwa juu ya shingo za magitaa ni za ukoo mmoja na mpingo wetu. Tunauza mti, wenzetu wanatengeneza zumari na klarineti, sisi tunanunua gitaa la plaiwudi kwa kura za WhatsApp. Lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.)

Kisha mgongo wa shingo. Nyingine zimepakwa vanishi nzito inayong'aa. Dukani ni safi, inateleza. Subiri uko kanisani, watu mia tatu, mabati yamepata joto, jasho linatiririka. Mkono unanata kama umeshika asali. Nyingine zimesuguliwa zikaachwa bila mng'ao, hizo zinateleza hata kwa jasho. Mimi napenda hizo. Wewe huenda ukapenda nyingine, lakini shika uone.

Sasa inua gitaa kama unalenga bunduki, tazama kutoka kichwani kando ya nyuzi. Shingo inatakiwa iwe karibu imenyooka, ikiwa na ubonde mdogo sana. Huo ubonde unaupima hivi: bana uzi mnene freti ya kwanza, na mkono mwingine ubane pale shingo inapokutana na mwili, halafu tazama katikati, freti ya saba au ya nane. Pawe na nafasi ya karatasi mbili tatu za kawaida za kuchapia. Ikiwa kubwa zaidi, ndani ya shingo kuna chuma kinachokazwa kwa spana ndogo ya pembe sita, kikikazwa robo mzunguko shingo inarudi. Muuzaji anayeijua kazi yake atakufanyia hapo hapo. Ila kama shingo imejipinda kama parafujo, upande mmoja unakwenda huku na mwingine kule, rudisha taratibu, sema asante, toka nje.

Ndipo utoe kadi zako za benki, freti ya 12, kama nilivyosema. Chagua ukingo usio na namba zilizovimba. Ukikuta nyuzi ziko juu, usikate tamaa na usikubali pia. Tazama zile skrubu za darajani. Je, bado zina nafasi ya kushuka? Kama ipo, mwambie muuzaji azishushe kabla hujatoa hela, si baada. Kama zimeshafika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, basi shingo imeungwa vibaya na mwili, hilo ni tatizo la kuzaliwa. Acha.

Na zikishuka, lazima ujaribu kila uzi, kila freti, moja moja, bila amplifaya. Ndiyo, inachosha, muuzaji atakukunjia uso. Ukisikia mahali uzi unalia kama nyuki ndani ya kopo, freti fulani imesimama kuliko wenzake. Kuna watu wakisikia habari ya nyuzi chini wanataka zilale kabisa juu ya freti, nao wamekosea vile vile. Mkono wa sebene unachapa kwa nguvu, uzi unahitaji nafasi ya kutikisika. Unatafuta pale pa chini kabisa ambapo mkono WAKO, kwa nguvu ZAKO, hausikii nyuki. Mwingine hapo hapo atawasikia.

Mwisho kabisa kile kipande cheupe karibu na kichwa, chenye mifereji ya kupitishia nyuzi. Hiki ndicho kinachowaua wanaoanza, maana wao wanakaa freti za mwanzo. Bana uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, chungulia juu ya freti ya kwanza. Uzi uwe karibu sana na chuma bila kukigusa, ukiudonoa utikisike kwa kanafasi kadogo tu. Ukikuta pengo unaloliona bila miwani, mifereji haikuchimbwa vya kutosha, na kodi ya F itakuwa adui yako mpaka fundi mwenye tupa ndogo aichimbe. Magitaa ya bei nafuu yanatoka kiwandani hivyo kila siku. Kuchimba kidogo kidogo ni kazi ya subira, kwa sababu ukizidisha huwezi kurudisha.

Ukimnunulia mtoto uliza pia unene wa nyuzi. Seti inayoanzia inchi 0.009, ile wapigaji wanaiita namba tisa, ni laini kuliko namba kumi au kumi na moja. Na magitaa ya urefu wa Gibson, kama milimita 628 kutoka kipande kile mpaka darajani, yana nyuzi laini kidogo kuliko ya urefu wa Fender yenye 648, kama nyuzi ni zile zile. Inaonekana tofauti ndogo. Muulize mwenye vidole vya miaka kumi na tano.

Najua wauzaji wengine watasema gitaa halijaribiwi, limefungwa nailoni, ukifungua umenunua. Nimekutana nao, hapa mjini na Nairobi. Jibu langu ni rahisi: hata nyanya Soko la Kilombero naruhusiwa kuibonyeza. Kama huruhusu mkono wa mnunuzi ugusane na shingo, unajua kilichomo kwenye hiyo nailoni. Na jina lililoandikwa kichwani lisikuzuzue, jina linabandikwa na mtu yeyote mwenye mashine ya stika. Kiganja chako hakibandikwi stika.

Lakini wauzaji siwalaumu sana. Nawalaumu wanakamati. Huu ugonjwa wa kumnunulia mtu chombo bila kumuuliza anayekitumia uko kila mahali nchini, tangu madawati ya shule mpaka matoroli ya hospitali, mimi nimeuandika gazetini kwa lugha ya upole ya habari. Hapa kwangu nasema wazi. Ile laki nne na nusu ilikuwa na shilingi elfu mbili mbili za akina mama wanaouza mandazi alfajiri, mama wa dogo akiwemo. Nauli ya kumpeleka dogo Dar na kumrudisha ingewashinda? Haya, ingewashinda. Basi wangesubiri, wangetafuta hapa hapa mjini, au wangemtuma mtu mwenye kiganja kinachofanana na chake. Walikuwa na haraka ya nini? Ya sare.

Mnataka kujua gitaa liliishia wapi. Hatukulirudisha. Tulikaa na dogo barazani mpaka magharibi, nikamwonyesha skrubu za darajani, akazishusha mwenyewe, mimi nashikilia tochi ya simu na kadi za shemeji. Ile shingo tukaikaza robo mzunguko. Uzi mnene ukafika kadi mbili na ushee. Kile kipande cheupe sikukigusa, sina tupa za kazi hiyo na sitaki kuharibu mali ya kanisa, kwa hiyo F bado inamtoa jasho mpaka yule mzee fundi atakapokubali kulichimba. Amekubali, ingawa amenitania kwamba tunalea mayai.

Dogo akabana G, akabana C. Akapanda juu freti ya 12, nyuzi mbili, ta-ra-ra, akasimama. Akaniangalia. "Kaka, kumbe ilikuwa hivi?"

Juzi nimepata simu kutoka kwa katibu wa kwaya. Nilifikiri ni ya shukrani. Shikamoo mama, marahaba, nani kakupa ruhusa ya kufungua gitaa la usharika? Nikaeleza kwa adabu zote, kuanzia kadi za benki mpaka sebene. Akanyamaza. Kisha akasema sawa mwanangu, ila safari nyingine uniambie, na kwa kuwa unajua mambo haya basi ujue Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili kamati inakaa kuhusu gitaa la besi, fedha zimeshapatikana. Nikamwomba anisomee majina ya wanaotumwa kununua. Akanisomea matatu.

Mpiga besi hayumo.